Jina Moja, Maghala Mawili

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji wa mijini ambao mawimbi yetu hayawafikii.)

 

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungezungumzia masoko ya tumbaku. Naomba radhi, tumbaku itasubiri. Limetokea jambo hapa kwetu Inyonga ambalo nimeona nisilikalie kimya, hasa kwa kuwa linawahusu ninyi mnaotuma salamu na matangazo ya vifo kupitia kituo chetu. Ni jambo la kompyuta. Najua wapo watakaotaka kuzima redio wakisikia neno hilo, lakini nawaomba mvumilie, maana nitalieleza kwa ndoo za asali.

Wageni wanaofika Mlele huulizia asali kabla ya kuulizia nyumba ya kulala. Hapa kwetu miombo imetanda pande zote, mizinga ya magome na ya magogo imetundikwa juu ya miti, na asali ikisharinwa huchujwa na kutiwa kwenye ndoo za lita 20. Sasa chukulia kwamba kikundi cha warina asali kina ghala lake. Ndoo zake zimeandikwa jina ambalo halitumiki kwingineko, tuseme "Mlele Ukoo", na kila zikichujwa upya zinapewa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina hilo haliko sokoni, ni la ndani, la wenyewe kwa wenyewe.

Kikundi kina karani. Kila asubuhi karani huyo hupewa karatasi yenye orodha ya mahitaji: mishumaa ya nta, chupa, vizibo, na ndoo ya "Mlele Ukoo". Vitu vingine vinapatikana soko kuu, ndoo inapatikana ghala la nyumbani. Lakini karani ameagizwa hivi: pita kote kuwili, na ukikuta kitu cha jina moja mahali pawili, chukua chenye namba kubwa, kwa kuwa ndicho kipya. Agizo hilo halina ubaya. Nani asiyetaka asali mpya?

Tapeli mmoja anaokota karatasi hiyo barabarani. Anasoma "Mlele Ukoo". Anakwenda soko kuu, ambako mtu yeyote anaruhusiwa kuweka bidhaa bila kuulizwa, anaweka ndoo yenye jina hilohilo na kuiandika namba 9000. Kesho yake karani anapita ghalani anakuta namba ya tatu, anapita sokoni anakuta namba 9000. Anabeba ya sokoni. Hakuibiwa wala kufungiwa mlango. Amefuata agizo lake kikamilifu. Na kilichomo ndani ya ndoo ile anakijua tapeli peke yake.

Ndugu msikilizaji, ukilielewa hilo umekwishaelewa hatari ambayo wataalamu wa kompyuta duniani walishtushwa nayo mwezi Februari mwaka 2021, na ambayo mimi nimeifahamu mwezi uliopita tu.

Nieleze kwanza programu za kompyuta zinavyotengenezwa, kwa sababu wengi wetu tunadhani mtu anakaa akaandika kila kitu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Mwandishi wa programu ni kama fundi wa nyumba. Hafinyangi kila tofali wala hachongi kila bawaba, ananunua. Tofauti ni kwamba fundi wa kompyuta vingi anavipata bure. Vipande hivyo vya programu vilivyotengenezwa na wengine huitwa vifurushi. Tafadhali msichanganye na vifurushi vya simu vya kila siku, ambavyo kuisha kwake kunatukera. Hivi ni vipande vya programu vilivyofungwa pamoja vikapewa jina na namba ya toleo.

Vifurushi hivyo vinawekwa kwenye maghala ya intaneti. Wanaoandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python wana ghala lao liitwalo PyPI, ambalo lina miradi zaidi ya laki tano. Wanaoandika kwa JavaScript wana la kwao liitwalo npm, ambalo lina vifurushi zaidi ya milioni mbili. Ni hazina kubwa kweli, na mtu wa Inyonga anaichota sawasawa na mtu wa London. Karani anayetumwa kwenda kuchukua ni programu maalumu, msimamizi wa vifurushi. Kwa upande wa Python karani huyo anaitwa pip. Fundi anaandika orodha, pip anakwenda. Na kwa kuwa kifurushi kimoja nacho kina orodha yake ya vifurushi vingine kinavyovitegemea, fundi anaweza kuagiza vitano vikaja hamsini. Wengi hawajui hata majina ya vyote vilivyoingia.

Utegemezi huo ni mkubwa kuliko tunavyofikiri. Machi 2016 mwandishi mmoja aitwaye Azer Koçulu aligombana na wenye ghala la npm kuhusu jina la kifurushi chake kimoja, akakasirika akaondoa vifurushi vyake vyote. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi tupu upande wa kushoto wa maneno. Kazi za mafundi sehemu nyingi duniani zilikwama siku hiyo, mpaka wenye ghala wakakirudisha. Mistari kumi na moja!

Wala tusiseme hayo ni ya Marekani. Desemba 2021 ulitangazwa ufa mbaya katika kifurushi kiitwacho Log4j, ambacho kazi yake ni kuandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu. Miongoni mwa waliolazimika kutoa marekebisho ya haraka ni watengenezaji wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa kushirikiana na nchi nyingi, ikiwemo yetu, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Takwimu za kliniki za mama na mtoto zinazoandikwa na muuguzi huku vijijini huishia humo. Muuguzi huyo hajapata kusikia jina la Log4j, na hana sababu ya kulisikia. Lakini kilichokuwa kimechimbwa chini ya kazi yake ni kisima cha mtu mwingine.

Nirudi kwenye ndoo. Mtu aliyewafumbua macho wenzake ni mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Romania, Alex Birsan. Mwaka 2020, yeye na mwenzake Justin Gardner walikuwa wakiichunguza kampuni ya PayPal, ambayo ni miongoni mwa makampuni yanayowaruhusu watafiti kuyachunguza na kuwalipa wakigundua kasoro. Gardner akamwonyesha faili lililokutwa hadharani kwenye GitHub. Lilikuwa orodha ya vifurushi, ile karatasi ya karani. Baadhi ya majina yalikuwa ya vifurushi vya kawaida vya npm, mengine hayakuwepo npm kabisa. Yalikuwa majina ya ndani ya kampuni.

Hapo Birsan akajiuliza swali ambalo mtoto angeweza kuliuliza: je, nikiweka mimi kifurushi chenye jina hilo kwenye ghala la umma, itakuwaje?

Akaanza kutafuta majina. Hakuhitaji kuvunja mlango wa mtu. Majina ya ndani ya makampuni yamezagaa hadharani: kwenye faili za JavaScript ambazo tovuti humtumia kila mgeni anayezifungua, kwenye vifurushi vilivyochapishwa kwa bahati mbaya, kwenye maswali ambayo mafundi huulizana. Alipoyapata akatengeneza vifurushi vyenye majina hayo, akavipandisha kwenye npm, kwenye PyPI, na kwenye RubyGems ambalo ni ghala la wanaotumia lugha ya Ruby. Ndani yake hakutia sumu. Alitia maelekezo machache tu: ukishawekwa kwenye kompyuta, nijulishe jina la mtumiaji, jina la kompyuta, na mahali ulipo.

Namna ya kujulishwa nayo ina ujanja wake. Makampuni makubwa yana walinzi wa kielektroniki wanaozuia kompyuta za ndani kuzungumza ovyo na nje. Lakini kuna mazungumzo ambayo ni nadra kuzuiwa, nayo ni kuulizia anwani. Kompyuta ikitaka kwenda kwenye tovuti fulani lazima kwanza iulize, "Fulani anakaa wapi?" Birsan akaficha taarifa zake ndani ya jina la huyo fulani anayeulizwa. Ni kama mfungwa anayemwomba askari amwitie mtu nje ya geti, na jina analolitaja ndilo lenye ujumbe.

Majibu yalianza kumiminika. Alipochapisha habari zake tarehe 9 Februari 2021, alikuwa amefanikiwa kuingia ndani ya mashirika zaidi ya 35. Majina yaliyotajwa ni pamoja na Apple, Microsoft, PayPal, Shopify, Netflix, Yelp, Tesla na Uber. Kwa Shopify, kifurushi chake kiliwekwa na mitambo yao yenyewe saa chache tu baada ya kukipandisha. Hakuna binadamu aliyebonyeza kitu. PayPal, Shopify na Apple walimzawadia dola 30,000 kila mmoja, na Microsoft dola 40,000. Zawadi zote zilizidi dola 130,000. Nami nakiri kwamba niliposoma tarakimu hizo nilizihesabu kwa shilingi kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

Hapa nataka vijana wanaonisikiliza wanielewe vizuri. Birsan alifanya hivyo kwa makampuni yaliyokuwa yametangaza kuruhusu uchunguzi wa namna hiyo, au aliyokubaliana nayo. Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu anayeingia kwenye kompyuta ya mwenzake bila ruhusa kuwa mkosaji, na "nilikuwa najaribu tu" si utetezi ambao ningependa kuusikia mahakamani ukitoka kwa mtoto wangu.

Kwa siku chache baada ya habari zile kutoka, waigaji walijaza maghala kwa vifurushi vya majina ya kubahatisha. Wengine walikuwa wanatafuta zawadi kama yeye. Wengine hawakuwa wanatafuta zawadi.

Mfano uliouma zaidi ulikuja mwishoni mwa mwaka 2022, wakati wa sikukuu, watu wakiwa likizo. PyTorch ni programu maarufu sana miongoni mwa wanaotengeneza akili bandia. Ilianzia kampuni ya Facebook. Matoleo yake ya majaribio, yanayotolewa kila usiku, yalitegemea kifurushi kiitwacho torchtriton, kilichokuwa kwenye ghala la PyTorch wenyewe. PyPI hakikuwepo. Mtu akakipandisha PyPI chenye jina hilohilo, na karani akakipa kipaumbele cha PyPI. Waliosakinisha toleo hilo la majaribio kwa pip kwenye kompyuta za Linux kati ya tarehe 25 na 30 Desemba walipokea mgeni wasiyemwalika. Mgeni huyo alisoma jina la kompyuta, orodha ya watumiaji, funguo za siri za kuingilia kompyuta nyingine, na mafaili hadi 1,000 ya mwenye nyumba, akayasafirisha kwa njia ileile ya kuulizia anwani. Wenye PyTorch walibadilisha jina la kifurushi chao kuwa pytorch-triton, kisha wakaliweka jina hilo PyPI wao wenyewe ili lisichukuliwe na mwingine.

Sasa nieleze kwa nini nayasema haya nikiwa Inyonga.

Kituo ninachofanyia kazi ni kidogo. Mapato yetu makubwa ni salamu na matangazo ya vifo. Zamani mtu alifika dirishani na kadi yake ya salamu. Siku hizi anatuma ujumbe na kulipa kwa simu. Kuna programu inayopokea malipo hayo, inaandika jina la mtumaji, namba yake, na maneno anayotaka yasomwe, kisha mtangazaji anayakuta kwenye kompyuta ya studio. Programu hiyo aliitengeneza mtoto wa kaka yangu, kijana aliyesoma Dar es Salaam akarudi nyumbani, jambo ambalo si vijana wengi hulifanya. Nami ndiye niliyempeleka kwa mkurugenzi.

Mwezi uliopita alinijia nyumbani jioni. Hakukaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdai?"

"Shangazi, ile programu ya salamu. Nadhani nimeacha mlango wazi."

Akanieleza, nami nilimkatisha mara nyingi mpaka nikaelewa. Mfano wa ndoo niliupata katika kukatishana huko. Sehemu ya programu inayoshughulika na malipo aliiandika mwenyewe kama kifurushi, akaiweka kwenye ghala lake binafsi, kwenye seva anayoikodi. Vingine vyote vinatoka PyPI. Kompyuta ya studio inajisasisha yenyewe kila usiku saa nane. Katika maelekezo ya karani aliandika maghala mawili: la PyPI ambalo ndilo la kawaida, na la kwake kama ghala la ziada. Kichwani mwake alidhani pip atakwenda kwanza kwake, na akikikuta kifurushi, ataishia hapo. Kumbe pip hana ghala la kwanza wala la pili. Anauliza yote, anakusanya majibu, anachukua namba kubwa.

Na karatasi ya karani? Miaka miwili nyuma alikwama kwenye kitu fulani, akaomba msaada kwa wenzake mtandaoni, akabandika orodha yake nzima ya vifurushi ili waione. Bado ipo pale. Jina la kifurushi cha malipo limo.

Nilimwambia labda anajitisha bure. Nani duniani atahangaika na redio ya Inyonga? Akanijibu kwamba mitambo ya wezi haichagui, inakusanya majina yote inayoyakuta na kujaribu yote, kwa kuwa kujaribu hakuna gharama. Jibu hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa sahihi.

Tukaenda kwa mkurugenzi. Aliruhusu jaribio moja, kwa maandishi. Kijana akaangalia PyPI: jina lake halikuwa limechukuliwa. Akatengeneza kifurushi kitupu chenye jina hilo, akakipa namba 99, wakati cha kwake cha kweli kilikuwa namba 1.4. Ndani yake aliweka agizo moja tu, la kuandika sentensi kwenye kumbukumbu za kompyuta: "Mimi si yule." Akakipandisha. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi tulifungua studio pamoja. Sentensi ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa saa nane na dakika tatu usiku, mlinzi akiwa anaota moto nje. Salamu za asubuhi hiyo hazikusomwa, kwa kuwa kipande cha malipo hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na ndoo tupu. Wasikilizaji waliopiga simu kulalamika tuliwaambia kuna hitilafu ya mitambo. Leo nawaambia hitilafu ilikuwa nini.

Mtu anaweza kusema, redio ina siri gani? Fikiria, msikilizaji. Ndani ya kompyuta ile zimo namba za simu za familia zilizoleta matangazo ya vifo, pamoja na jina la marehemu, mahali pa msiba, na majina ya wafiwa waliotajwa mmoja mmoja, wa Mpanda, wa Tabora, wa Dar es Salaam. Sote tunazijua zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mara nyingi tunazicheka kwa sababu mtumaji habahatishi vizuri. Sasa mpe mtumaji huyo jina la marehemu wako, jina la shemeji yako aliyeko mbali, na siku ya mazishi. Akikupigia akasema gari la kubebea mwili limekwama Sikonge na linahitaji mafuta, utacheka?

Aidha tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda, awe benki au kijiredio cha wilayani. Haitatusaidia kusema kwamba tulipewa programu na mtoto wa ndugu.

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alifuta ghala la ziada. Sasa karani anakwenda mahali pamoja tu, kwenye ghala letu; vifurushi vya umma vinavyohitajika vinaletwa humo kwanza na kijana mwenyewe, kwa mkono, baada ya kuvitazama. Kila kifurushi kimefungwa kwa namba yake kamili, hakuna tena "chukua kipya". Na kila kimoja kimeandikwa pamoja na alama yake, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na kilichomo ndani, mithili ya alama ya kidole gumba. Ikibadilika herufi moja ndani ya kifurushi, alama inabadilika yote, na karani anakataa kukibeba. Warina asali wa zamani walichora alama zao kwenye miti ili mzinga wa mtu usichanganywe na wa mwingine. Hii ni alama hiyohiyo, ila haiwezi kughushiwa kwa panga.

Kusasisha kila usiku kumesimama. Baadhi ya wenzangu wamelilalamikia hilo wakisema tumezoea kuhimizwa tusasishe. Ni kweli, na ule ufa wa Log4j ulizibwa kwa kusasisha. Lakini kusasisha baada ya kutazama ni tofauti na kufungua mlango saa nane za usiku kila mtu akiwa amelala. Mimi naona bora kuchelewa siku mbili.

Wanaotumia npm wana kinga nyingine nzuri: wanaweza kusajili jina la ukoo, likatangulia mbele ya kila kifurushi chao, na mtu mwingine haruhusiwi kuchapisha chini ya ukoo huo. Kwa nini kila ghala halikuanza hivyo, nashindwa kuelewa. Na jina lile kule PyPI tumelishikilia. Kifurushi kitupu kinabaki pale na maelezo kwamba hakitumiki, kama wenye PyTorch walivyofanya, ingawa wenye ghala hawapendi watu wajaze majina matupu, na mtu mwenye majina 200 ya ndani hawezi kujiponya kwa njia hiyo.

Nilimuuliza swali la mwisho kuhusu malipo ya simu, maana ndiko fedha zilipo. Akanifungulia PyPI, akaandika "mpesa" kwenye sehemu ya kutafutia. Vikatokea vifurushi vingi. Nikadhani ni vya makampuni ya simu. Vingi, akaniambia, vimeandikwa na watu binafsi, wengi wao vijana wa Nairobi na wa huku kwetu, waliotaka kuwarahisishia wenzao kazi. Sisemi vina ubaya. Nasema jina lililoandikwa juu ya kifurushi ni neno alilolichagua aliyekipandisha, hakuna aliyemuuliza kitambulisho cha kampuni.

Taasisi za Serikali zina Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, na nchi ina TZ-CERT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Huko wapo watu wanaoyajua haya. Ninaowafikiria mimi ni hawa wadogo: chama cha msingi chenye kompyuta moja ya kupimia mizigo, duka la pembejeo, zahanati ya mtu binafsi, shule inayopokea ada kwa simu. Programu zao zimetengenezwa na kijana fulani anayefahamika, aliyelipwa mara moja, na ambaye huenda sasa yuko Mwanza au Dubai. Hatua ya kwanza ni kumpigia simu kijana huyo, na swali la kumuuliza ni fupi: vipande ulivyoviandika mwenyewe, karani anavitafuta ghala gani, na kuna ghala la pili?

Akijibu kwamba hakumbuki, mwombe afungue aangalie mbele yako.

Wa kwetu, nashukuru, alikumbuka zaidi ya nilivyotaka. Siku tulipomaliza kurekebisha kituo alikaa kimya kidogo, kisha akasema programu ileile, na kifurushi kilekile cha malipo, aliwatengenezea wateja wengine wawili, mmoja yuko Mpanda mjini na mwingine njia ya Tabora. Wote wanajisasisha saa nane usiku. Nikamuuliza kama amewaambia. Akasema amewapigia, wa kwanza amepokea na kuzima usasishaji, wa pili simu haipatikani. Alfajiri ya kesho yake alipanda basi.